Wanaokula Kabla Yetu

Miteremko ya Umatengo, wilayani Mbinga, kusini-magharibi mwa Tanzania, ni mikali kiasi kwamba mkulima huchoka kwa kupanda mlima tu, kabla hajashika jembe. Mvua za huko ni nyingi. Mahali pengine, mlima wa namna hiyo ukishalimwa, udongo huteremka mtoni na mawe hubaki yakitazama jua. Wamatengo, hata hivyo, wamelima milima yao kwa vizazi vingi. Simulizi zao huturudisha karne ya 19, mashambulizi ya Wangoni yalipowabana milimani wakakosa ardhi ya kuhamia. Hawakuwa na nafasi ya kulichosha shamba na kuliacha. Iliwabidi walime palepale, mwaka hadi mwaka, na palepale paendelee kuzaa.

Walichobuni kinaitwa ngoro. Kwenye mwezi Machi, mvua zikielekea ukingoni, wanaume hufyeka nyasi na magugu yaliyojaa shambani na kuyaacha yanyauke. Kisha huyapanga mistari, mingine ikifuata mteremko, mingine ikiukata, hadi shamba zima linagawanyika miraba. Hapo kina mama huingia na majembe. Huchimba katikati ya kila mraba na kutupia udongo juu ya nyasi pande zote nne, hata likabaki shimo lililozungukwa na matuta, na ndani ya kila tuta nyasi zimezikwa. Ukiutazama mlima kutoka ng'ambo ya bonde, unaona kama sega la nyuki limefunika ardhi. Maharage hupandwa juu ya matuta. Msimu unaofuata, zamu ni ya mahindi.

Wataalamu wengi waliofika huko wameyasifu mashimo, na kwa haki: maji ya mvua hutuama humo yakazama taratibu, badala ya kukimbia na udongo. Mimi nataka tuzitazame zile nyasi. Mtu aliyekwisha kufyeka ana njia rahisi ya kusafisha shamba, nayo ni kiberiti. Asubuhi moja inatosha, na majivu yatamsaidia kwa msimu mmoja au miwili. Wamatengo walichagua jasho la kupanga na kuzika. Walikuwa wameona, bila darubini wala maabara, kwamba shamba haliwezi kutulisha sisi kabla halijawalisha wengine.

Hao wengine ni akina nani? Gramu 1 ya udongo wenye afya inaweza kuwa na bakteria wafikao bilioni 1, pamoja na nyuzi za kuvu, protozoa na minyoo midogo isiyoonekana kwa macho. Juu yao kuna wale tunaowaona tukijisumbua kuinama: nyungunyungu, majongoo, mchwa, siafu, mbawakawa na mabuu yao. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 ulikadiria kwamba asilimia 59 hivi ya spishi zote za viumbe duniani huishi udongoni kwa sehemu au maisha yao yote. Tumezoea kuwazia pori, mbuga na bahari tunaposikia habari za uhai wa dunia. Kumbe sehemu kubwa zaidi ya uhai huo iko chini ya nyayo zetu, na viumbe wengi wa humo hata jina hawajapewa.

Nyasi iliyozikwa ndani ya ngoro haiozi yenyewe. Kuoza ni kuliwa. Majongoo, mchwa na nyungunyungu huanza kwa kuikatakata na kuitafuna, na kinyesi chao huwa chakula cha walio wadogo zaidi. Kuvu hupenyeza nyuzi zake na kumeng'enya ule ugumu wa mabua ambao bakteria wengi hawauwezi. Bakteria hula kilicholainika, wakaongezeka kwa mamilioni. Kisha protozoa na minyoo midogo huja kuwala bakteria. Mwili wa bakteria una naitrojeni nyingi kuliko ile anayoihitaji yule anayemla, kwa hiyo ziada hutolewa nje, na mzizi ulio karibu huifyonza. Sehemu kubwa ya rutuba tunayoisifu hupatikana kwa njia hiyo. Mdogo hula, mkubwa kidogo humla mdogo, na kinachomwagika kati yao ndicho kinachoupa mhindi rangi yake ya kijani.

Tukishalijua hilo, utaratibu wa Umatengo unazidi kustaajabisha. Nyasi kavu ina kaboni nyingi na naitrojeni kidogo. Bakteria na kuvu wanaoila hulazimika kutafuta naitrojeni ya nyongeza, na huichukua katika udongo unaowazunguka. Mahindi yakipandwa wakati huohuo hugeuka manjano, kwa sababu walaji wamewahi mezani na hawajaacha kitu. Maharage yana uwezo wa kujipatia naitrojeni yao kutoka hewani, kwa hiyo huweza kuvumilia miezi hiyo ya uhaba. Mahindi yanapofika msimu wa pili, walaji wameshapungua, miili yao imeliwa na wengine, na kile walichokikopa udongoni kimeanza kurudi. Mkulima wa Mbinga hakuandikiwa mpango huu na mtu yeyote. Aliusoma shambani kwa kutazama kwa makini miaka mingi.

Jambo la maharage linastahili kuonekana kwa macho, na kila mwenye shamba anaweza kuliona. Mmea unapoanza kutoa maua, usiung'oe. Uchimbe na udongo wake, uutikise polepole, uoshe mizizi katika ndoo ya maji. Utaona vinundu vidogo vimeng'ang'ania ubavuni mwa mizizi. Chukua kimoja, ukipasue kwa ukucha. Kikiwa na rangi ya waridi au nyekundu ndani, kinafanya kazi. Kikiwa cheupe, cha kijivu au cha kijani, hakifanyi. Rangi hiyo nyekundu hutokana na kitu kilicho na undugu wa karibu na kile kinachoifanya damu yetu kuwa nyekundu, na kazi yake ni kuishika oksijeni isiwavuruge bakteria waliomo. Bakteria hao huinasa naitrojeni ya hewani, iliyo asilimia 78 ya hewa tunayovuta lakini isiyoweza kutumiwa na mmea wowote ikiwa katika hali hiyo. Mmea huwapa sukari, nao huupa naitrojeni.

Mwaka 1886, Mjerumani Hermann Hellriegel alitangaza mjini Berlin kwamba vinundu hivyo ndivyo vinavyoipa jamii ya kunde uwezo wake. Miaka miwili baadaye, Mholanzi Martinus Beijerinck alifaulu kuwatenga bakteria wenyewe. Viwanda vilipokuja kuiga kazi hiyo mwanzoni mwa karne ya 20, vilihitaji joto la mamia ya nyuzi na mgandamizo mkubwa sana. Kinundu kilichomo katika shamba la bibi kizee huifanya kazi hiyohiyo katika joto la kawaida la udongo, bila moshi wala bomba.

Ushirika mwingine ni wa kuvu na mizizi. Zaidi ya theluthi mbili ya spishi za mimea duniani huishi na kuvu ya aina hii, na masalia yaliyopatikana Scotland yanaonyesha kwamba ushirika huo ulikuwepo miaka milioni 400 iliyopita, mimea ilipokuwa ndiyo kwanza inajifunza kuishi nchi kavu. Mahindi, mtama, muhogo, migomba na kahawa vyote vimo katika mkataba huo; sukuma wiki, kabichi na mchicha ni miongoni mwa wachache waliojitoa. Nyuzi za kuvu ni nyembamba kuliko mzizi wowote, hivyo hupita mahali ambapo mzizi hauwezi kupita, zikaurudishia mmea maji na fosforasi. Kwa udongo wetu mwekundu hilo ni jambo kubwa. Udongo huo una chuma na alumini vinavyoishika fosforasi na kukataa kuiachia, hata ile ya mbolea tuliyoinunua kwa fedha. Plau inapopita shambani mara kwa mara, nyuzi hizo hukatika, na kuvu hulazimika kuanza upya.

Na kuna mchwa. Huyu tumemfanya adui, na mwenye nyumba ya miti anazo sababu zake. Lakini mchwa hula majani makavu na miti iliyokufa katika nchi kame ambako nyungunyungu hawezi kuishi, na anapochimba huacha mapito ambayo maji na hewa hupita. Katika tambarare za Laikipia, nchini Kenya, vichuguu vya mchwa vimejipanga kwa umbali unaokaribiana, kana kwamba kila jamii imepewa kiwanja chake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba kadiri unavyokaribia kichuguu, ndivyo miti inavyostawi na wadudu na buibui wanavyoongezeka. Mchwa wakubwa wajengao vile vichuguu virefu nao hulima kuvu ndani ya nyumba zao, na mvua zikinyesha kuvu hiyo hutokeza juu kama uyoga, ule ambao watoto wa vijijini hukimbilia alfajiri kabla jirani hajaamka. Kumbikumbi nao hutujia kutoka humohumo.

Kaskazini mwa Burkina Faso, ukame wa miaka ya 1980 ulipoigeuza ardhi kuwa gamba gumu lisilopitisha maji, mkulima Yacouba Sawadogo alichimba mashimo madogo wakati wa kiangazi na kuweka samadi ndani yake. Majirani walimwona mwenye wazimu. Samadi iliwavuta mchwa, mchwa wakatoboa gamba, na mvua ilipokuja maji yakapata njia ya kuingia. Mtama ulimea, kisha miti, na mwishowe msitu. Sawadogo alipewa tuzo ya Right Livelihood mwaka 2018 na alifariki mwaka 2023. Alitoa jasho lake na samadi yake. Kulitoboa gamba aliwaachia mchwa, kwa sababu aliwaamini.

Charles Darwin alitumia miaka yake ya mwisho kuwatazama nyungunyungu. Mapema zaidi, mwaka 1842, aliagiza chokaa imwagwe katika shamba la majani karibu na nyumba yake Uingereza. Miaka 29 baadaye alichimba mfereji na kuikuta imekaa chini kwa inchi 7, yaani kama sentimita 18. Hakuna aliyeizika. Nyungunyungu walikuwa wameupandisha udongo kidogo kidogo kwa vinyesi vyao hadi ukaifunika. Kitabu chake juu ya viumbe hao kilitoka mwaka 1881, miezi michache kabla ya kifo chake. Mtu aliyekuwa ameandika juu ya asili ya viumbe vyote aliona kwamba nyungunyungu wanastahili kitabu kizima.

Deni letu kwa viumbe hawa haliishii sahanini. Mvua ya kwanza inapopiga ardhi kavu, ile harufu inayotufanya tusimame mlangoni hutokana kwa sehemu kubwa na bakteria wa udongoni wa jamii ya Streptomyces. Kutoka kwa jamii hiyohiyo, mwaka 1943, Albert Schatz akiwa katika maabara ya Selman Waksman huko New Jersey, Marekani, alipata streptomaisini, dawa ya kwanza kuweza kukishinda kifua kikuu. Miaka ya 1970, Satoshi Ōmura wa Japani alichota udongo karibu na uwanja wa gofu na kumpata ndugu mwingine wa jamii hiyo, ambaye kwake ilitoka ivamektini. Wakazi wa Mahenge, Tanzania, wanaopambana na usubi, na wakazi wa pwani wanaopambana na matende, wanazifahamu tembe hizo. Wamesimamishwa mbele ya kijiti cha kupimia kimo, wakapewa idadi inayowastahili, wakazimeza kwa maji. Tembe hizo zinazolinda macho na miguu ya mamilioni ya Waafrika zina asili yake katika kiganja cha udongo.

Sisemi kwamba udongo umejaa marafiki watupu. Vijidudu vya pepopunda hukaa humo, ndiyo maana kidonda kilichoingiwa na udongo hakichezewi. Bakteria wa mnyauko huangusha shamba zima la nyanya. Kuvu inayoleta sumukuvu katika mahindi na karanga huanzia shambani. Minyoofundo huivimbisha mizizi, na mkulima asiyejua huweza kuidhania ni vinundu vya heri. Tofauti ni hii: kinundu cha naitrojeni kimekaa ubavuni mwa mzizi na hubanduka kwa kidole, ilhali uvimbe wa minyoofundo ni mzizi wenyewe ulioharibika. Udongo wenye afya una maadui wote hawa, ila pia una wanaowala, wanaowabana na wanaowanyang'anya chakula. Udongo ulioachwa mtupu ukaokwa na jua huwapoteza walinzi kwanza, kisha adui hubaki akitamba.

Wala sisemi kwamba mbolea ya dukani ni sumu. Shamba lililotoa mavuno miaka mingi bila kurudishiwa chochote linaihitaji, na anayemkataza mkulima maskini mfuko wa mbolea hajawahi kulala na njaa. Lakini mbolea ya naitrojeni ikimwagwa kila msimu peke yake, bila samadi, bila mabaki ya mazao, bila chokaa, udongo huzidi kuwa chachu, na wale bakteria wa vinundu hushindwa kuishi humo. Mkulima huongeza kipimo na kupata kile kile alichopata mwaka juzi. Bandu bandu huisha gogo. Udongo nao huisha hivyo, na siku mavuno yanapogoma kabisa hakuna anayekumbuka ni lini hasa mambo yaliharibika.

Ninajua pia kwa nini moto unapendwa. Mabua yaliyolala shambani hukwaza jembe, huficha panya, na jirani huweza kusema shamba lako ni chafu. Mahali pengine ng'ombe huyamaliza kabla ya mwezi kupita, na pengine mama huyakusanya kwa sababu kuni ziko mbali. Mtu mwenye ekari moja hawezi kuambiwa awaachie nyungunyungu kila kitu. Lakini kuna umbali mrefu kati ya kila kitu na hakuna kitu. Ng'ombe aliyekula mabua anatoa samadi, na samadi ikirudi shambani deni limelipwa. Jivu la jikoni likirudi, sehemu imelipwa. Kunde, mbaazi au maharage yakipandwa kati ya mahindi, kuna mizizi hai na majani yanayoanguka. Moto wa shambani haumlipi mtu. Kaboni yote ambayo ingewalisha hao wengine huenda na moshi, naitrojeni nayo huifuata, na kinachobaki ni majivu yanayongoja upepo.

Viongozi wetu wamechelewa kulitambua hili, ila dalili zipo. Mwaka 2006, wakuu wa Afrika walikutana Abuja kuzungumzia mbolea, wakaazimia kila hekta ipate kilo 50 za virutubisho kwa mwaka. Mei 2024, walipokutana Nairobi, kichwa cha mkutano kilikuwa mbolea pamoja na afya ya udongo. Maneno hayo ya nyongeza yalichukua miaka 18. Sasa yanahitaji bajeti. Ruzuku imewekwa kwenye mifuko ya mbolea. Iwekwe pia kwenye samadi, mboji, chokaa na mbegu za mikunde. Bwana shamba anayekuja kupima uchachu na madini ya udongo afundishwe pia kuchimba pande moja la udongo kwa sepeto, kulivunja mbele ya mkulima na kutazama pamoja naye nani anaishi humo. Watoto wa shule waliofundishwa majina ya wanyama wa Serengeti wafundishwe na haya ya chini ya dawati lao.

Nasi tulio na kiraka cha ardhi, kikubwa au kidogo, tusingoje mkutano mwingine. Msimu huu, kabla hujawasha kiberiti, acha mabua ya sehemu moja ya shamba yalale chini, hata kama ni mistari michache. Yafunike kwa udongo, au yalaze kati ya mistari, au yapitishe zizini kwanza. Walio chini ya ardhi wamekuwa wakitulisha tangu mhenga wa kwanza aliposhika jembe, na hawajawahi kudai zaidi ya mabaki. Fungu hilo ni haki yao. Waachie.